Pikipiki hadi Cape Town: Anza hesabu mwisho wa safari

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kinondoni, msikilizaji wetu wa siku nyingi, alinitumia ujumbe. Anasema yeye na mwenzake wamejiwekea akiba kwa miaka mitatu, na mwakani mwezi wa Septemba wanataka kwenda Cape Town kwa pikipiki. Swali lake ni fupi: "Kaka, twende na pikipiki zetu, tukodi huko huko, au tununue kule tuje nazo nyumbani?"

Nilipousoma ujumbe huo nilikaa kimya kidogo. Swali hilo nilijiuliza mwenyewe mwaka 2012, nikalijibu vibaya, na jibu langu lilikula pesa za bati za nyumba ya mama yangu. Nitafika huko. Kwanza tulitazame swali lenyewe, kwa sababu najua kijana huyu hayuko peke yake.

Ndoto hii si ngeni. Desemba 1934 wanawake wawili wa Kiingereza, Theresa Wallach na Florence Blenkiron, waliondoka London kwa pikipiki moja aina ya Panther ya cc 600, yenye kigari cha pembeni na tela nyuma. Wakalivuka jangwa la Sahara, na Julai 1935 wakaingia Cape Town. Tatizo lao kubwa lilikuwa barabara, kwa sababu sehemu nyingi haikuwapo. Sisi leo barabara tunayo. Kutoka Dar es Salaam unapita Morogoro, Iringa na Mbeya hadi Tunduma. Unaingia Zambia, unapita Kapiri Mposhi, Lusaka na Livingstone. Unavuka mto Zambezi kwa daraja la Kazungula, lililofunguliwa Mei 2021, unaingia Botswana, unashuka Francistown na Gaborone, kisha Johannesburg, na mwisho Cape Town. Ni zaidi kidogo ya kilomita 5,000, karibu zote za lami. Kinachomkwamisha msafiri wa leo ni karatasi, na karatasi hizo hutegemea pikipiki ni ya nani, imesajiliwa wapi, na mwisho wa safari itabaki wapi.

Kwa hiyo nasema hivi: mpango wa safari ya pikipiki uanzie mwisho. Kabla ya kuuliza bei, jiulize siku ya mwisho pikipiki itakuwa wapi, na nani ataipokea. Ukishapata jibu la hapo, njia ya kufuata itajichagua yenyewe. Njia ziko tatu.

Ya kwanza ni kwenda na pikipiki yako mwenyewe. Uzuri wake ni kwamba unaijua. Unajua inakunywa mafuta kiasi gani, na mlio wake ukibadilika unasikia. Pikipiki iliyosajiliwa Tanzania ikitoka na kurudi, na kutoka kwake kukaandikwa forodhani, haidaiwi ushuru kwa mara ya pili. Katika njia hii ya Zambia, Botswana na Afrika Kusini, mgeni hupewa mpakani kibali cha muda cha kuingiza chombo. Kibali hicho kitunze, na unapotoka katika nchi hakikisha kimegongwa muhuri wa kutoka. Usipofanya hivyo, kwenye vitabu vyao pikipiki bado iko kwao, na siku ukirudi utaulizwa uliiuza kwa nani.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kwa mfano kupanda kaskazini hadi Misri, huko kuna kitu kinachoitwa karneti. Ni kitabu cha forodha kinachotolewa na vyama vya wenye magari. Unaweka dhamana ya fedha au ya benki, na kitabu kinaahidi kwamba chombo hakitauzwa katika nchi unazopita. Kwa safari ya Cape Town kupitia njia niliyoitaja hukihitaji.

Lakini jambo hili wengi hulisahau. Kadi ya pikipiki iwe halisi na iwe kwa jina lako. Vijana wengi wanaendesha pikipiki za mkataba, kadi iko kwa tajiri au kwa mkopeshaji. Pikipiki hiyo ni yako Kinondoni. Ukifika Tunduma si yako. Kama kadi ina jina la mtu mwingine, upate barua yake ya idhini iliyothibitishwa na mwanasheria. Nakala ya kadi iliyotolewa stesheni haitakuvusha.

Njia ya pili ni kukodi. Unapanda ndege au basi hadi Johannesburg au Cape Town, unakodi pikipiki, unazunguka, unairudisha pale pale. Usajili, matengenezo na bima ni kazi ya mwenyewe. Ikiharibika si wewe unayetafuta fundi. Lakini usome mkataba mpaka mstari wa mwisho. Mwenye pikipiki atashikilia amana, na ukiigusa ukutani kiasi fulani cha kwanza cha gharama ni chako hata kama bima ipo. Uliza kiasi hicho ni shilingi ngapi kabla ya kutia saini. Uliza pia kama kuna kilomita za mwisho kwa siku, na nchi gani unaruhusiwa kuingia. Mara nyingi wanakubali majirani wa karibu kama Namibia, Botswana, Lesotho na Eswatini, na hata hapo hutaka kukupa barua ya ruhusa ya kuvuka. Ukipanga kuikodi kule na kuiacha Dar es Salaam, utasikia ama hapana, ama bei itakayokutoa jasho, kwa sababu lazima mtu alipwe kuirudisha.

Njia ya tatu ni kununua kule. Mgeni anaruhusiwa kununua chombo Afrika Kusini. Atahitaji pasipoti, uthibitisho wa anwani anapokaa, na namba maalumu ya usajili inayotolewa kwa wasio na kitambulisho cha nchi hiyo. Chombo kilichotumika kinahitaji pia cheti cha ukaguzi kabla ya kubadilishwa jina. Si mambo ya asubuhi moja. Weka siku kadhaa za kungoja, nawe unalala hotelini.

Hapo watu hupiga hesabu na kuona kununua ni nafuu. Tupige hesabu hiyo pamoja, kwa mfano tu. Tuseme pikipiki ya cc 650 inakodiwa dola 90 kwa siku, na ya aina hiyo iliyotumika inauzwa dola 3,500. Mtu atasema siku 39 za kukodi ni bei ya pikipiki nzima, na baada ya safari nitaiuza. Sawa. Lakini ongeza dola 300 za usajili na ukaguzi, na dola 400 za tairi, mnyororo na pedi za breki, maana aliyeuza hakuuza ikiwa na tairi mpya. Sasa uza. Mnunuzi akijua una tiketi ya ndege ya Ijumaa, hatakupa dola 3,500. Tuseme anakupa 2,300. Umepoteza 1,200, na ukijumlisha zile 700 ni 1,900. Ongeza siku kumi za kungoja mnunuzi, kwa chumba na chakula cha dola 40 kwa siku. Jumla ni 2,300. Gawanya kwa 90 unapata siku 25 na kidogo.

Maana yake, kwa bei za mfano huu, safari isiyofika wiki tatu na nusu ni heri kukodi. Zaidi ya hapo kununua kunaanza kulipa, mradi una muda wa kuuza, na unaiuza kule kule ulikoisajili. Badilisha tarakimu kwa bei utakazoambiwa, lakini usifute hata mstari mmoja wa hesabu.

Mimi nilifuta mstari mmoja. Mwaka 2012 nilikuwa Johannesburg kwa semina ya kazi. Nikaona pikipiki ya cc 650 iliyotunzwa vizuri, bei nzuri, mwenyewe mtu mwaminifu. Mfukoni nilikuwa na akiba niliyoiweka kwa ajili ya kupaua nyumba ya mama huko Morogoro. Nikajiambia nitainunua, nitarudi nayo nyumbani kwa raha zangu, kisha nitaiuza Dar es Salaam kwa faida na bati nitanunua mara mbili. Nikabadilisha jina, nikapata kibali cha polisi cha kuitoa nchini, nikaweka bima. Karatasi zote zilikuwa safi. Botswana nikapita, Kazungula nikavuka kwa pantoni, maana daraja halikuwapo, Zambia nikapita kwa kibali cha muda.

Nilipofika nyumbani, nikaomba kibali kile kile cha muda. Afisa akatazama pasipoti yangu, akatabasamu. "Kaka, wewe si mgeni. Wewe umerudi." Kibali cha muda ni cha mpita njia. Mkazi anayeleta chombo cha nje ameingiza bidhaa, na bidhaa hulipiwa ushuru wa forodha, kodi ya ongezeko la thamani na ada nyinginezo. Pesa hizo sikuwa nazo. Pikipiki ikabaki kwenye ghala, nami nikapanda basi na kofia yangu ngumu mapajani. Nilihangaika kukopa, sikufanikiwa, gharama za ghala zikapanda, na mwishowe ikaenda mnadani kama sheria inavyosema. Afisa yule hakunionea. Kosa lilikuwa langu: nilijua safari inaanzia wapi, sikuuliza inaishia kwa nani.

Mama alikaa chini ya makuti misimu miwili zaidi ya mvua. Hakunilaumu. Kila nilipokwenda kumtazama aliniuliza tu kama nimefika salama.

Basi, ndugu yangu wa Kinondoni, jibu langu ni hili. Mnaondoka Dar es Salaam na mnarudi Dar es Salaam. Kama pikipiki zenu ni nzima na kadi ziko kwa majina yenu, nendeni nazo. Kama kadi ziko kwa tajiri na hakubali kutoa idhini, pandeni basi hadi Johannesburg, mkodi wiki mbili, mteremke Cape Town na kurudi. Wazo la kununua na kuja nazo liacheni, isipokuwa kama mmeshakwenda kwa wakala wa forodha mkakadiriwa ushuru, na pesa yake iko pembeni.

Mkienda na zenu, yapo machache ya kukumbuka. Kadi za njano ni mbili, msizichanganye. Moja ni ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo hiyo huhesabiwa kuanzia siku ya kumi, na tangu Julai 2016 cheti chake ni cha maisha. Nyingine ni ya COMESA, ambayo ni bima ya ajali kwa mtu wa tatu. Inatumika Tanzania na Zambia, lakini Botswana na Afrika Kusini haimo. Botswana mtalipia mpakani. Afrika Kusini fidia ya majeruhi inachangiwa na kila lita ya mafuta, lakini mfuko huo haulipi gari la mtu mtakaloligonga, kwa hiyo tafuteni bima ya ziada. Bima ya matibabu nayo isomeni: nyingi hazilipi ajali ya pikipiki mpaka uiandikishe. Leseni iwe ya daraja la pikipiki ya ukubwa mnaoendesha, na mchukue kadi ya udereva ya kimataifa.

Septemba mmechagua vizuri. Zambia mvua bado, na baridi kali ya kusini imeanza kupungua. Kilomita 350 kwa siku zinatosha. Kwa mwendo huo ni siku 15 za kuendesha kwenda tu, bila siku ya kupumzika. Msiendeshe usiku, hasa kati ya Kasane na Nata, ambako tembo huvuka barabara kama ng'ombe wa kwetu. Kipande hicho kina kilomita kama 300. Pikipiki inayokwenda kilomita 20 kwa lita, yenye tangi la lita 14, itazima kabla ya kufika, kwa hiyo bebeni akiba ya mafuta. Mpakani msimpe kishoka pasipoti yenu, hata kama amevaa kitambulisho shingoni.

Nyumba ya mama iliezekwa bati mwaka 2014. Mimi Cape Town kwa pikipiki sijafika mpaka leo. Mkifika, nileteeni habari, nami nitazisoma hapa hapa.

Tukutane juma lijalo.