Je, Wajua? Msokoto Ndani ya Mtutu

Mwaka 2007, katika mji wa Opala kando ya mto Lomami, watafiti walimkuta tumbili anayefugwa nyumbani kwa mkuu wa shule ya msingi. Wenyeji walimwita lesula. Wanasayansi walichukua hadi 2012 kumpa jina lao, Cercopithecus lomamiensis, ilhali wawindaji walikuwa wakimjua siku zote. Katika misitu hii ya bonde la Kongo, bunduki inayosikika zaidi ni kalibre 12. Ukiuchungulia mtutu wake ndani, ni laini tupu. Kartushi inamwaga marisau yanayotawanyika, na kwa kuwa miti huziba macho baada ya hatua chache tu, mwindaji hapotezi kitu kwa kutopiga mbali.

Bunduki ya risasi moja ni jambo jingine. Risasi ndefu yenye ncha ina kasoro ya asili: uzito wake mwingi uko nyuma, na hewa huisukuma mbele ya kitovu cha uzito huo. Ikiachwa hivihivi hupinduka angani. Ndiyo maana mtutu huchongwa mifereji inayozunguka kama ngazi ya mnara, ili risasi itoke ikijizungusha. Mafundi huupima msokoto kwa urefu wa mtutu unaotosha mzunguko mmoja kamili. Ukisikia milimita 220, risasi imezunguka mara moja katika urefu huo. Ikitoka kwa mwendo wa mita 700 kwa sekunde, inazunguka zaidi ya mara 3,000 kila sekunde.

Wauza bunduki husema risasi nzito inataka msokoto mkali. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mskoti Walter Bell, aliyewinda Karamoja nchini Uganda na kisha Lado, kipande cha Nile kilichokuwa chini ya Leopold II, aliua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa bunduki ambazo wenzake waliziona za kitoto. Moja ilikuwa Mauser ya milimita 7 yenye risasi ya gramu 11.2; bunduki za aina hiyo zilikuwa na msokoto wa milimita 220. Nyingine, Mannlicher ya milimita 6.5, ilirusha risasi nyepesi zaidi, gramu 10.4, na bado msokoto wake ulikuwa mkali zaidi: milimita 200. Uzito umepungua, msokoto umekazwa! Siri ni kwamba risasi ile, kwa wembamba wake, ni ndefu. Urefu ndio unaoamua. Uzito huonekana kuamua kwa sababu ndani ya kipenyo kilekile risasi haiwezi kuongezeka uzito bila kurefuka.

Mwingereza George Greenhill aliiweka hesabu hiyo mwaka 1879, akiwafikiria wapiga mizinga. Zidisha kipenyo kwa kipenyo, kisha kwa 150, halafu gawa kwa urefu wa risasi. Kwa kipenyo cha milimita 7.2 na urefu wa 32 unapata msokoto wa takriban milimita 243. Mtutu wa 220 unazungusha haraka kuliko hapo, basi risasi inatulia. Kwa hesabu hiyo mtutu wa 300 usingetosha: risasi isipotulia, kwenye karatasi ya shabaha utaona tundu refu la ubavu badala ya duara. Msokoto ukizidi kidogo madhara si makubwa, ila risasi yenye ganda jembamba inaweza kupasuka njiani.

Siku hizi hesabu hii imerudi mezani kwa sababu ya shaba. Wawindaji wengi wa Ulaya na Marekani wanaacha risasi za madini ya risasi kwa kuhofia sumu yake. Shaba ni nyepesi, hivyo risasi ya shaba yenye gramu zilezile hurefuka, na mtutu wa babu uliokuwa sawa na risasi za zamani unaweza usiitulize.

Na kalibre 12 ikitaka kurusha risasi moja kubwa? Mjerumani Wilhelm Brenneke alilijibu hilo mwaka 1898: kichwa kizito mbele, na nyuma kizibo chepesi kilichofungwa humohumo. Hewa hukivuta kizibo, kichwa kikatangulia, sawa na manyoya yanavyouongoza mshale. Hapo mtutu laini hauhitaji msokoto wowote, ingawa zaidi ya mita 50 au hivi shabaha yake huanza kuyumba.