Mkanda wa picha bado una maisha? Jibu linaanzia kwenye sanduku la bibi

Hebu fanya jaribio dogo. Kama uko Matemwe, au popote pale kwenye pwani yetu, shusha lile sanduku la picha za zamani lililokaa juu ya kabati. Ziache picha zenyewe kwanza. Tafuta negativu, vile vipande vya mkanda ambavyo ndani yake bibi harusi ana meno meusi na shela nyeusi. Umezipata? Sasa zinuse.

Ukisikia harufu ya siki, negativu zako zimeanza kufa. Tutarudi kwenye hilo, kwa sababu ndilo lenye haraka kuliko yote katika makala hii.

Siku hizi vijana wengi wanauliza kama kamera za mkanda zinarudi. Ukweli ni kwamba swali hilo lina maswali matatu ndani yake. Nani atatengeneza mkanda mpya? Nani atausafisha? Na nani atatunza ile iliyokwisha kupigwa? La kwanza haliko mikononi mwetu. La pili liko nusu. La tatu liko kwetu kabisa.

Ndani ya mkanda kuna nini

Mkanda ni plastiki nyembamba iliyopakwa utando wa jelatini. Ndani ya utando huo kuna chembe ndogo mno za chumvi ya madini ya fedha, hasa bromidi ya fedha. Mwanga ukigusa chembe, atomi chache tu za fedha hujitenga. Hazionekani kwa jicho, hata kwa darubini ya kawaida. Hapo picha ipo, lakini imejificha.

Kazi ya dawa ya kusafishia ni kuifichua. Dawa huitafuta chembe iliyoguswa na mwanga na kuigeuza yote kuwa fedha nyeusi. Yaani alama ya atomi chache inakuzwa karibu mara bilioni moja. Chembe ambazo hazikuguswa huondolewa na dawa ya pili, ya kukazia, ili mkanda usiendelee kuungua ukitoka kwenye giza. Basi, ndiyo picha hiyo.

Kwa nini tusitumie mwani?

Ukikaa Matemwe wakati maji yamekupwa, ukiwaona kina mama wanafunga mwani kwenye kamba, unaweza kujiuliza: mwani si unatoa kitu cha kugandisha? Kwa nini usishike nafasi ya jelatini?

Swali zuri. Mwani wa spinosamu unaolimwa sana Unguja hutoa karagini, na kweli karagini hugandisha. Lakini karagini ni sukari ndefu, na jelatini ni protini itokanayo na mifupa na ngozi za wanyama. Protini hiyo huzishika chembe za fedha moja moja zisigandamane, na hufyonza dawa ikavimba bila kuyeyuka. Tena ina siri nyingine. Katika miaka ya 1920, mkemia Samuel Sheppard wa Kodak aligundua kwamba ukali wa mkanda ulitokana na mabaki kidogo ya salfa ndani ya jelatini, na salfa hiyo ilitoka kwenye mimea ya jamii ya haradali waliyokula ng'ombe. Kumbe chakula cha ng'ombe kiliamua kama picha itatoka au haitatoka! Leo viwanda huongeza salfa kwa kipimo.

Ndiyo maana mkanda hauwezi kutengenezwa uani. Lazima tabaka nyingi, kila moja nyembamba kuliko unywele, zipakwe sawasawa ndani ya giza totoro kwenye kilomita nyingi za plastiki. Kwa mkanda wa rangi tabaka zinapita kumi.

Viwanda vilivyobaki

Viwanda vyenye uwezo huo duniani vimebaki vichache. Kodak, ambayo mikanda yake hutoka Rochester, Marekani, iliomba kinga ya kufilisika Januari 2012. Kilichosaidia kiwanda chake kisifungwe ni sinema: studio kubwa za Hollywood zilikubali kuendelea kununua mikanda, na mkanda wa kamera yako hupakwa kwenye mitambo ileile. Fujifilm ilichukua ujuzi wake wa jelatini na kemia ikaingia kwenye vipodozi na dawa. Ilford iko Mobberley, Uingereza, bado inatengeneza mikanda ya nyeusi na nyeupe.

Kuna mikanda iliyokufa moja kwa moja. Kodachrome ilisimamishwa mwaka 2009, na maabara ya mwisho iliyoweza kuisafisha ilifunga pazia mwisho wa 2010. Ukiwa na rolo ya Kodachrome leo, huwezi tena kupata rangi zake.

Lakini kuna vinavyozaliwa pia. Desemba 2023 kampuni ya Harman, wenye Ilford, ilitoa Phoenix, mkanda wake wa kwanza wa rangi. Mwaka 2024 Pentax ikatoa kamera mpya kabisa ya mkanda, Pentax 17, inayogawa kila picha nusu ili rolo ya picha 36 itoe 72. Kampuni isingeunda kamera mpya kwa kitu ilichokihesabu kuwa maiti.

Tatizo ni bei. Mkanda unahitaji fedha, na paneli ya sola iliyo juu ya paa la jirani yako nayo inahitaji fedha. Kwa hiyo usitegemee mkanda kuwa rahisi kama zamani. Utabaki, ila kama kitu cha kupigia picha chache kwa kufikiri.

Kusafisha: kahawa, magadi na bahari

Hapa sasa tuna nguvu. Mwaka 1995, mwalimu Scott Williams na wanafunzi wake katika chuo cha teknolojia cha Rochester walionyesha kwamba kahawa inaweza kusafisha mkanda. Kinachofanya kazi si kafeini bali asidi za kahawa, zikisaidiwa na magadi ya kufulia. Baadaye watu wakaongeza vitamini C, ambayo huipa dawa nguvu zaidi.

Kipimo kinachotumika sana kwa lita moja ya maji ni gramu 54 za magadi safi makavu (soda ash), gramu 16 za vitamini C ya unga, na gramu 40 za kahawa ya unga inayoyeyuka. Dakika 15 kwa maji ya nyuzi 20. Kahawa ya robusta ina asidi hizo kwa wingi, na robusta ndiyo kahawa ya Bukoba. Magadi ya jikoni yana mchanganyiko na maji ndani yake, hivyo kipimo kitakudanganya. Tafuta soda ash. Mkanda wa rangi nao utatoka, ila kwa nyeusi na nyeupe.

Angalia joto. Maji ya bomba Matemwe yanapita nyuzi 25 kirahisi. Dawa ikiwa ya moto hufanya kazi haraka, na jelatini hulainika mpaka ikakunjamana. Weka chombo chako ndani ya beseni lenye barafu, na maji yote unayotumia yawe na joto moja. Anza na kipande cha majaribio, siyo picha za harusi ya dada.

Dawa ya kukazia ni thiosalfeti. John Herschel aliona mwaka 1819 kwamba inayeyusha chumvi za fedha, na mpaka leo ndiyo inayotumika. Chumvi ya kawaida iliyokolea sana inaweza kufanya kazi hiyo, lakini huchukua siku nzima au zaidi.

Na suuza? Hapa bahari inakupa zawadi. Maji ya chumvi huitoa dawa ya kukazia kwenye jelatini haraka kuliko maji baridi ya kisimani, jambo ambalo wapiga picha wa jeshi la majini la Marekani walilitumia wakati wa Vita vya Pili. Chuja maji ya bahari, suuza nayo, kisha malizia na maji yasiyo na chumvi. Kwenye kijiji chenye shida ya maji, hiyo si habari ndogo.

Ila dawa ya kukazia iliyotumika usiimwage chini. Imebeba fedha, na fedha ikiwa ndani ya maji ni sumu kwa viumbe wadogo. Mwamba wa Matemwe ni wa matumbawe, una matundu kama sponji. Unachomwaga uani kinaweza kuishia kisimani au baharini kwenye mwani. Iweke kwenye dumu pamoja na nyuzi za chuma za kusugulia masufuria, za chuma cha kushika kutu. Chuma kitayeyuka, fedha itatua chini kama tope jeusi. Likusanye.

Turudi kwenye sanduku

Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio Mji Mkongwe, na mwanawe Rohit akaiendeleza. Sehemu kubwa ya sura ya Unguja ya zamani tunayoijua leo imetufikia kwa sababu studio kama hiyo ilitunza negativu zake. Lakini negativu nyingine nyingi ziko majumbani, na hali ya hewa yetu ni adui yake.

Plastiki ya negativu nyingi ni asetati. Joto na unyevu huivunja ikatoa asidi ya siki, na asidi hiyo huharakisha uvunjikaji zaidi. Kwenye nyuzi 21 na unyevu wa asilimia 50, asetati mpya inakadiriwa kukaa miaka 40 hadi 50 kabla ya kuanza kunuka. Pwani kwetu joto na unyevu vyote viko juu ya hapo. Hesabu mwenyewe: picha za miaka ya 1970 na 1980 muda wake umefika.

Fanya haya wiki hii. Zinazonuka zitenge na nyingine, maana mvuke wake huambukiza. Zitoe kwenye mifuko ya plastiki, zitie kwenye bahasha za karatasi, mbali na dirisha la baharini. Kisha zipige picha kwa simu: washa skrini nyeupe ya simu nyingine, iinulie kipande cha plastiki nyeupe sentimita chache juu yake, weka negativu hapo, zima taa, piga, halafu geuza rangi kwa programu. Dakika moja kwa kila picha.

Negativu yenyewe usiitupe hata baada ya kuipiga. Na andika majina. Muulize bibi nani ni nani angali anawakumbuka. Hakuna dawa ya kusafishia jina lililosahaulika.