Usimnyime chakula mtoto anayeharisha

Mzazi wa Kinyala, mtoto akianza kuharisha hutakosa mtu wa kukushauri umwache kwanza tumbo lipumzike. Uji unaondolewa, ndizi zinaondolewa, wengine hata ziwa wanapunguza. Ushauri huu umezoeleka, lakini unaunyima utumbo kile unachohitaji ili upone.

Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba una vijinyama vidogo mno vilivyosimama kama vidole, ambavyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Virusi vya rota huua seli za juu ya vidole hivyo, maji yasifyonzwe, na mtoto akaharisha. Chini, kwenye vishimo vilivyo kati ya vidole, zimo seli shina, ambazo mara nyingi husalimika. Mtu wa Rungwe hahitaji maelezo marefu hapo: mgomba ukikatwa, chipukizi hutoka shinani. Seli shina hugawanyika usiku na mchana, na seli changa hupanda juu kuziba pengo. Utando huo hujibadilisha kila baada ya siku 3 hadi 5. Mwaka 2007 watafiti wa Uholanzi, kundi la Hans Clevers, walizitambua seli hizo bayana.

(Dawa za saratani nazo huzipiga seli hizi kwa sababu zinagawanyika haraka. Ndiyo maana wagonjwa wengi wa saratani huharisha. Na ukiuziwa vidonge vya “seli shina” mtaani, tunza fedha yako.)

Kazi hiyo ya ukarabati inataka chakula na madini ya zinki. Mpe ORS, ukiichanganya na maji yaliyochemshwa yakapoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Zinki ni miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, kwa siku 10 hadi 14, hata kama kuharisha kumekoma siku ya tatu. Wengi huacha hapo. Endelea kunyonyesha. Aliyekwisha anza kula apewe kidogo kidogo, mara nyingi: ndizi zilizopondwa, maharage, parachichi. Akipona, mwongezee mlo mmoja kwa siku kwa wiki mbili.

Chanjo ya rota, iliyoanza nchini mwaka 2013, hutolewa bure kliniki kuanzia wiki ya 6.

Macho yakizama, akishindwa kunywa, akilegea, au choo kikiwa na damu, mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo. Usisubiri gulio lipite.