Mbwa Naye Anyooshe Miguu

Katika mitaa mingi ya Nairobi, langoni hapakosi tangazo la maneno mawili: "Mbwa kali." Sisi tunaofundisha sarufi tumelilalamikia kwa miaka mingi bila ya kusikizwa. Mbwa ni kiumbe mwenye uhai, na Kiswahili sanifu humpatanisha jinsi kinavyompatanisha mtu: mbwa mkali, mbwa huyu, mbwa amelala. Ukiandika "kali" umemtoa katika ngeli ya viumbe, ukamweka pamoja na nyumba, sahani na kamba. Wako watakaosema kwamba hilo ni kosa dogo la fundi wa rangi. Mimi naona kwamba fundi huyo, pasipo kukusudia, ametoboa siri yetu. Mbwa wetu aghalabu ni chombo cha ulinzi: mchana hufungiwa kibandani, usiku huachiliwa uani, na hufa bila ya kuijua barabara ipitayo mbele ya lango alilolilinda.

Ilhali mnyama huyu huusoma ulimwengu kwa pua. Ua uleule kila siku kwake ni kama ukurasa mmoja usiofunuliwa. Mbwa asiyezoezwa kukutana na watu na wanyama wengine tangu udogoni huwa na hofu, na hofu hiyo ndiyo mara nyingi tunayoiita ukali.

Mkaazi wa Nairobi hana kisingizio, maadamu Msitu wa Karura upo. Msitu huo wenye zaidi ya hekta 1,000 ulitengwa kisheria mwaka wa 1932, nao ulinusurika chupuchupu kunyakuliwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Mnamo Januari 1999, Wangari Maathai na wenzake walipigwa na kujeruhiwa walipokwenda kupanda miti humo. Wanaotembea Karura leo, wawe na mbwa au wasiwe naye, wanakanyaga ardhi iliyolipiwa kwa damu. Zipo njia za udongo zipitazo kwenye vivuli, maporomoko ya maji ya Mto Ruaka, na mapango yanayosemekana kuwa wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo. Atakaye utulivu na aende upande wa Sigiria, ng'ambo ya barabara ya Limuru.

Mbwa wanaruhusiwa Karura, lakini sharti wafungwe kamba. Nimewasikia watu wakilalamika kwamba sharti hilo linamnyima mbwa raha. Siafikiani nao hata kidogo. Humo mna pongo, paa, tumbili, na mbega waliorudishwa msituni baada ya kutoweka. Isitoshe, mna binadamu. Wakenya wengi walikua wakifukuzwa na mbwa wa matajiri, na mtu aliyewahi kung'atwa hatulizwi kwa kuambiwa "haumi huyo." Tena wapo Waislamu ambao, kwa mujibu wa madhehebu ya Shafii yaliyoenea pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi, na akiguswa nayo humlazimu kujitahirisha. Kumvuta mbwa kando mwenzako anapopita ni adabu, wala si fadhila.

Kwenye mbuga za taifa, mathalani Hell's Gate na Longonot, mbwa haruhusiwi kabisa. Wapandaji wa milima hulinung'unikia katazo hili, lakini lina sababu nzito. Mwaka wa 1994 maradhi ya distempa, ambayo wataalamu waliyahusisha na mbwa wa vijiji vilivyopakana na hifadhi, yaliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti, na yakavuka hadi Maasai Mara. Mbwa aweza kuonekana mzima wa afya naye amebeba virusi hivyo. Kwa hiyo, ukiazimia kupanda Longonot, mwache nyumbani.

Vilima vya Ngong, ambavyo havimo katika mbuga za taifa, vina upepo wa kumfurahisha mbwa yeyote, ingawa jua lake halina huruma na kivuli ni haba. Uliza langoni kanuni za siku hiyo kabla ya kulipa. Huko mna ng'ombe, mbuzi na kondoo wa wafugaji, na mbwa wa mjini ambaye hajawahi kuona kondoo hukumbuka ghafla kwamba babu zake walikuwa wasasi. Hasara hiyo utailipa wewe.

Kabla ya safari yoyote, chanjo za kichaa cha mbwa na distempa ziwe hazijapitwa na wakati. Kenya ilijiwekea mwaka wa 2014 mkakati wa kukomesha vifo vya watu kutokana na kichaa hicho kufikia 2030, na mkakati huo unategemea mbwa kuchanjwa kwa wingi. Beba maji yake na kibakuli, pamoja na mfuko wa kuzolea kinyesi. Toka asubuhi na mapema, kwani mbwa hatokwi na jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema. Na ushike kamba mwenyewe. Nimeona mara nyingi mno mtumishi wa nyumbani akiburutwa na mbwa wawili wakubwa, ilhali mwenye mbwa yuko mbele, mikono mitupu, akizungumza kwa simu.

Mkirejea, mpapase masikioni, kwapani na baina ya vidole. Kupe hupenda kujificha humo.