KATUNI NI ZA WATOTO? MUULIZENI BAMKUBWA WANGU

Leo sina siasa, wala sina Simba na Yanga. Ingawa simba yumo.

Jumapili moja watoto pale nyumbani waliniganda niwawekee katuni. Nikachomeka flashi, nikawawekea The Lion King, ile ya zamani ya mwaka 1994. Saa mbili kasoro usiku bamkubwa wangu akaingia. Tukamwamkia, akakaribishwa, akaletewa ubwabwa. Hata hajamaliza kunawa akasema, "Toeni hayo makatuni yenu, wekeni taarifa ya habari." Nikamwomba, "Bamkubwa, dakika kumi tu, hapa ndipo patamu."

Patamu penyewe ni pale nyumbu wanapoteremka bondeni kama mafuriko na mtoto Simba yuko katikati yao. Baba yake, Mufasa, anamwokoa, kisha yeye mwenyewe anaparamia mwamba kujinusuru. Juu ya mwamba yupo ndugu yake, Scar, ambaye badala ya kumvuta anamwachia aanguke. Halafu huyo Scar anamfuata mtoto pale penye maiti, anamtia kichwani kwamba yeye ndiye aliyesababisha baba yake afe, akimbie na asirudi tena.

Tonge la bamkubwa likaishia hewani. "Huyo nduli ni nani wake?" Mdogo wangu wa miaka saba akamjibu, "Anko wake." "Anko yupi? Upande wa baba au wa mama?" Nikamwambia ni mdogo wake Mufasa. "Basi huyo si anko. Huyo ni bamdogo." Akaweka sahani chini. Taarifa ya habari ikapita, michezo ikapita, mzee yupo tu kwenye makatuni.

Watoto walipolala ndipo akanisimulia. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la nne. Arobaini ilipokwisha, bamdogo wake alichukua funguo za nyumba na za duka, eti kuwatunzia watoto, na yeye akapelekwa kwa ndugu wa mbali kijijini kuchunga mbuzi. Aliporudi akiwa mtu mzima nyumba ilikwishauzwa. Kilichomuuma zaidi ni kwamba miaka yote aliaminishwa kosa ni lake, kwamba aliondolewa kwa sababu alikuwa mkorofi. Mimi nimekua naye huyu mzee, sikuwahi kuisikia hiyo hadithi hata siku moja. Imetolewa na katuni.

Sasa wadau, hapo ndipo nikajua kwamba usemi wa "hizo ni za watoto" una kasoro. Kwenye kochi moja, mbele ya skrini moja, mdogo wangu aliangalia simba na nyumbu, bamkubwa akaangalia kesi ya mirathi.

Na wala haikutokea kwa bahati. Waliotengeneza muvi ile hawakuficha kwamba walichota kutoka Hamlet ya Shakespeare, tamthilia ya miaka 400 na ushee: mfalme anauawa na ndugu yake, ndugu anakalia kiti, mtoto wa marehemu anabaki na mzigo. Shakespeare huyo huyo ambaye Mwalimu Nyerere alimtafsiri, mkapata Mabepari wa Venisi. Kwa hiyo ukivua manyoya, ndani mna tamthilia ya watu wazima.

Ukiijua hiyo, irudie kuiangalia uone. Sehemu ya Timon na Pumbaa watoto wanacheka kwa sababu jamaa wanakula funza na wadudu. Wewe mwenzangu uliyemaliza shule huna ajira, ukiiangalia vizuri utaona kijana aliyekimbia matatizo ya kwao, akapata washikaji, anakula bata, na nyumbani mama yake amebaki chini ya dhalimu, mto umekauka na hakuna chakula. Mimi binafsi hapo huwa naangalia pembeni kidogo.

Halafu sisi Waswahili tuna nyongeza ambayo hata mzazi wa Kimarekani aliyelipa kiingilio hakuipata. Majina! Rafiki tunamjua ni rafiki. Pumbaa kweli amepumbaa. Yule fisi jike anaitwa Shenzi, tusi zima la enzi za mkoloni limekaa kwenye katuni ya watoto na sauti yake ni ya Whoopi Goldberg. Na ile muvi ya 2024, Mufasa: The Lion King, inatuambia Scar ujanani aliitwa Taka. Taka kama takataka, au taka kama kutaka cha mwenzio? Yote mawili yanamkaa. (Muvi hiyo imebadilisha udugu wao, Mufasa anakuwa mtoto wa kulelewa, lakini hiyo tusimwambie bamkubwa.) Kasoro moja ndogo: yule Rafiki ni mandrili, nyani wa misitu ya kule Gaboni na Kameruni. Savana yetu hii hana kwao.

Tuje kwenye ufundi wenyewe, maana nilisema nitaeleza.

Kwanza kuna pesa. Mtoto wa miaka sita haendi sinema peke yake. Anayelipa ni mzazi, na mzazi lazima akae mle ndani saa moja na nusu. Akichoka, safari ijayo hamleti mtoto. Kwa hiyo kampuni zikigundua namna ya kumshika na mzazi, zimeuza tiketi mbili au tatu kwa muvi moja. Inside Out 2 ya mwaka 2024 iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Sidhani kama kuna mtu anaamini pesa zote hizo ni za vitoto vya chekechea.

Namna ya kumshika mzazi ndiyo inayotofautiana. Wapo wanaorusha utani juu ya kichwa cha mtoto ukatue kwa baba. Bingwa wa hiyo ni Shrek ya mwaka 2001, iliyochukua Oscar ya kwanza kabisa kutolewa kwa muvi ndefu ya katuni. Mle kuna bwana mkubwa mmoja, Farquaad, mfupi kama kigoda, lakini kajenga ngome ndefu kupita kiasi. Shrek akiiona anatoa mzaha kwamba pengine jamaa kuna kitu anafidia. Mtoto anadhani ni habari ya urefu. Baba anakohoa. Namna hii inachekesha, siibezi, ila inachuja upesi. Shrek imejaa vijembe kwa Disney na kwa muvi zilizokuwa zinatamba miaka ile, na ukimwekea leo mtu ambaye hakuziona hizo, vijembe vingi vinampita.

Namna ya pili ni hiyo iliyomkamata bamkubwa: hadithi ni moja, haina utani wa pembeni, ila mtoto anaingilia mlango wake na mtu mzima mlango wake. Finding Nemo ya 2003, kwa mtoto, ni kisamaki kilichopotea. Kwa mzazi ni baba aliyefiwa na mke na mayai yote isipokuwa moja, sasa anamfungia huyo mmoja aliyebaki mpaka mtoto anamchukia. Nawajua wazazi watatu mtaani kwetu wanaohitaji kuiona.

Lakini kwangu mimi hakuna kama Up, ya 2009. Muvi hii ndiyo iliyofungua tamasha la Cannes kule Ufaransa mwaka huo, na kabla yake hakuna katuni iliyowahi kupewa heshima hiyo. Ikaja kuteuliwa kugombea Oscar ya filamu bora kabisa, sio ya katuni bora tu. Mpaka sasa katuni zilizofika hapo ni tatu: Beauty and the Beast ya 1991, hii Up, na Toy Story 3 ya 2010.

Mwanzoni mwa Up kuna kipande cha dakika chache tu, hakuna anayeongea, ni muziki na picha. Carl na Ellie wanaoana. Wanaota kusafiri mpaka kwenye maporomoko ya mbali huko Amerika ya Kusini, kwa hiyo wanaweka kibubu, chupa ya sarafu. Gurudumu linapasuka, kibubu kinavunjwa. Carl anaumia mguu, kinavunjwa tena. Mti unaangukia nyumba, kinavunjwa. Nani hapa hajawahi kuvunja kibubu kwa sababu ya ugonjwa au kodi ya nyumba? Hapo katikati wanapaka rangi chumba, wanapachika vitu vya mtoto mchanga, na picha inayofuata wako kwa daktari, Ellie kajiinamia uso mikononi. Basi. Hakuna maelezo. Mdogo wangu aliniuliza, "Kwa nini dada analia?" Nikamwambia anaumwa. Mama aliyekuwa anachambua mchele nyuma yetu hakusema kitu, ila ungo uliacha kupepeta. Wanazeeka, safari haijafanyika, Ellie anafariki. Ndipo muvi inaanza, na kuanzia hapo watoto wanapata maputo yao, mbwa wanaoongea na ndege mkubwa.

Angalia hapo hawakumtoa mtoto nje ya chumba, wala mtu mzima hakudanganywa. Kila mmoja kabeba anachoweza kubeba. Na yule mtoto akifika miaka thelathini akairudia atakuta mengine. Ndiyo maana watu waliokua na Toy Story ya 1995, muvi ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, walilia kwenye Toy Story 3 kijana Andy alipogawa midoli yake akaenda chuo. Walikuwa wamekua pamoja naye.

Msije mkasema haya ni mambo ya Wamarekani peke yao. Tafuteni Kirikou, ya mwaka 1998, ya Michel Ocelot, Mfaransa aliyeishi Guinea utotoni. Muziki ni wa Youssou N'Dour wa Senegal. Kitoto kidogo kama kidole kinazaliwa kijijini, na swali lake ni moja, kwa nini mchawi Karaba ana roho mbaya? Wakubwa wote wanamjibu ni mbaya kwa sababu ni mbaya. Anasumbua mpaka anafika kwa babu yake mlimani, ndipo anaambiwa kwamba wanaume walimshika Karaba kwa nguvu, wakamchoma mwiba mgongoni, na maumivu hayajawahi kumtoka. Mtoto anasikia mwiba. Dada zangu wakubwa wanaosoma hapa wamekwishaelewa nazungumzia nini.

Na ukifikiri vizuri, hata bibi zetu walikuwa hivyo. Paukwa, pakawa, anaanza Sungura na Fisi, wajukuu mbele, wazee pembeni wanasikilizia wakivuta tumbaku. Watoto wanacheka Fisi kadanganywa. Wazee wanacheka kwa sababu wanajua Fisi ni nani pale kijijini. Habari ya kutenga hadithi, hizi za watoto, hizi za wakubwa, tumeletewa na runinga.

Kitu kimoja cha tahadhari kwa wazazi na kaka zangu wauza muvi. Kwamba kitu kimechorwa haina maana ni cha familia. Kuna katuni ya Kijapani, Grave of the Fireflies, ya 1988, inahusu mtu na mdogo wake wanaokufa kwa njaa mwishoni mwa Vita ya Pili ya Dunia. Ni kazi nzuri mno, lakini huwezi kumwachia mtoto wa miaka mitano ukaenda sokoni. Tena kule Japani ilitolewa siku moja na My Neighbor Totoro, katuni tamu ya watoto, zikaonyeshwa pamoja! Na South Park ya 1999 ni matusi mwanzo mwisho. Nimeshaikuta imewekwa kwenye folda ya "watoto" kwa muuza muvi mmoja, nikamwonyesha, akaniambia "si katuni hiyo?" Ndiyo matokeo ya kuamini kwamba michoro yote ni ya chekechea, wakubwa wanaacha kuangalia, na watoto wanaachiwa chochote.

Vilevile si kila katuni ya familia inafanya kazi kwa wote. Nyingi ni tangazo refu la midoli. Hata The Lion King iliyorudiwa 2019 kwa kompyuta, simba kama wa kweli kabisa wa Serengeti, pesa iliingiza nyingi kuliko ile ya kwanza, lakini mimi iliniacha baridi. Simba wa kweli hana uso wa kulia. Nilimwekea bamkubwa kipande kile cha bondeni, akaangalia, akasema wanyama wazuri, akaendelea kula.

Ile ya 1994 ameomba nimwekee kwenye simu. Anataka kumpelekea dada yake, waliyepelekwa naye kuchunga mbuzi.

Nawasilisha. Wewe ni katuni gani ilimnyamazisha mzee wako?