Ofisi Inayoundwa ili Ivunjwe

Michezo mikubwa ya kimataifa haiandaliwi na Wizara ya Michezo peke yake. Serikali ikishakubali kuwa mwenyeji huunda chombo maalumu, kiitwe kamati, mamlaka au shirika, chenye kazi moja tu: kuandaa siku chache za mashindano, kufunga hesabu, kisha kuvunjwa. Viza za wageni, ulinzi, barabara, hospitali na fedha kila kimoja kina wizara yake, na hakuna waziri mwenye uwezo wa kumwamuru waziri mwenzake. Chombo hicho huwekwa katikati ili faili lisizunguke miezi mitatu kutoka meza hadi meza huku tarehe ya ufunguzi ikisogea.

Katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, misingi ya michezo imewekwa na sheria ya tarehe 24 Desemba 2011. Serikali ikitaka chombo chenye mali na saini yake yenyewe, sheria ya 2008 inaruhusu kuunda shirika la umma kwa amri ya Waziri Mkuu, baada ya kujadiliwa katika Baraza la Mawaziri. Shirika la namna hiyo huwa na halmashauri ya usimamizi isiyozidi watu watano, kurugenzi kuu na wakaguzi wa hesabu. Kamati ya kawaida huundwa kwa haraka zaidi, lakini hubaki ikitegemea wizara mama, hasa kwa fedha. Hapo ndipo shida nyingi huanzia.

Mfano wa karibu ni Michezo ya 9 ya Francophonie, jumuiya ya nchi zinazotumia Kifaransa. Mashindano hayo, yanayochanganya riadha na mieleka na nyimbo, ngoma na uchoraji, yalianza Morocco mwaka 1989. Awamu ya 2021 ilipewa Moncton na Dieppe, miji ya Kanada, lakini mwanzoni mwa 2019 jimbo la New Brunswick lilijitoa baada ya kuona makadirio ya gharama yamepanda mara kadhaa. Mwaka huohuo Kinshasa ikachukua nafasi. Kwa maneno mengine, Kongo ilipokea kazi iliyomshinda tajiri, ikiwa na miaka miwili tu ya kuikamilisha.

Kamati ya Taifa ya Michezo ya Francophonie, CNJF, ikaundwa. Juu yake kulikuwa na kamati ya kimataifa ya michezo hiyo, yenye kanuni zake na wakaguzi wake. Kisha likaja janga la Korona, na ujenzi nao ukachelewa. Michezo ikasogezwa hadi Agosti 2022, ikasogezwa tena, na hatimaye ikafunguliwa tarehe 28 Julai 2023 katika Uwanja wa Martyrs, kamati ikiongozwa na Isidore Kwandja Ngembo. Ilifungwa tarehe 6 Agosti. Waliotabiri kwamba haitafanyika walikosea. Ila bili ilipotajwa hadharani ilikuwa zaidi ya dola milioni 300, na Ukaguzi Mkuu wa Fedha, IGF, ukaingia kupekua matumizi. Kupekua baada ya sherehe ni lazima, lakini mkaguzi anayekaa ndani ya ofisi tangu siku ya kwanza huokoa fedha ambazo mkaguzi wa mwisho huishia kuzihesabu tu.

Nchi nyingine zimejaribu kupunguza hatari hiyo kwa kutenganisha anayejenga na anayepokea wageni. Kwa Olimpiki ya London ya 2012, sheria ya 2006 iliunda mamlaka ya umma ya ujenzi, na kampuni nyingine ikaachiwa mashindano yenyewe, tiketi na sherehe. Ufaransa ilifanya vivyo hivyo kwa Paris 2024: SOLIDEO, shirika la umma, lilisimamia majengo, na kamati ya maandalizi ikashughulikia michezo. Mjenzi hupimwa kwa saruji na tarehe ya kukabidhi funguo. Mwenyeji hupimwa kwa mabasi, chakula, vitanda na waamuzi. Mkono mmoja ukifanya yote mawili, kuchelewa kwa paa hula fedha za chakula, na hakuna anayejua nani wa kuulizwa.

Kinshasa ilikuwa na uzoefu wa zamani, wa aina nyingine kabisa. Pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman la mwaka 1974 lilikuwa na tume ya serikali, lakini neno la mwisho lilikuwa la Rais Mobutu. Kila bondia aliahidiwa dola milioni 5. Foreman alipopasuka juu ya jicho mazoezini, tarehe ikahama kutoka Septemba hadi Oktoba 30, na ngumi zikapigwa usiku wa manane kuelekea alfajiri ili Wamarekani watazame jioni kwao. Hata saa ya Kinshasa ilipangwa na televisheni.

Lubumbashi, mji wa Haut-Katanga, nao umezoea usiku mmoja mmoja wa soka. Mwaka 2010 klabu yake, TP Mazembe, iliifunga Espérance ya Tunis 5-0 katika mchezo wa kwanza wa fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, kwenye Uwanja wa Kibassa Maliba, komini ya Kenya. Mwaka 2015 ikamaliza fainali kama hiyo dhidi ya USM Alger kwenye uwanja wake wa Kamalondo. Mechi kama hizo huandaliwa na klabu pamoja na CAF, shirikisho la soka la Afrika. Mashindano ya wiki nne, kama Kombe la Mataifa ya Afrika, yangedai mengi zaidi, na hapo swali la mali lingejitokeza: uwanja wa Kamalondo ni wa klabu, wa Kibassa Maliba ni wa serikali. Chombo chochote cha maandalizi kingehitaji mkataba kwa mmoja na bajeti kwa mwingine, pamoja na gavana wa Haut-Katanga mezani tangu kikao cha kwanza, si siku ya kukata utepe.

Kenya, Tanzania na Uganda zilipewa kwa pamoja Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027. Kongo imelichukua kombe hilo mara mbili, 1968 nchini Ethiopia na 1974 nchini Misri. Kuliandaa, haijawahi.