Desemba ya Endebess: Daftari la Ndege Chini ya Mparachichi

Kwetu Endebess, Desemba haihitaji saa ya kuamsha mtu. Kabla jua halijatokeza upande wa Cherangani, kwarara hupita juu ya mabati wakipiga makelele, na watoto waliofika usiku kutoka Nairobi hukurupuka wakiuliza kuna nini. Kukhu, yaani bibi yetu, ambaye moto wake umeshawaka, huwatajia jina la ndege huyo kwa Kibukusu, kisha huwatuma kuni.

Huu ndio msimu wetu wa kukutana. Mvua imekatika, mahindi yamevunwa, mengine yameanikwa kwenye turubai, na ukoo mzima umerudi chini ya Mlima Elgon. Mchana ni kuku wa kienyeji, ugali na mrenda. Baada ya kunawa mikono, viti huhamishiwa chini ya mparachichi, na hapo huanza shughuli niipendayo kuliko zote: kuandika ndege wa boma.

Hatuna darubini, tuna daftari la shule. Chozi ananyonya utamu kwenye ua la mgomba: andika. Kuzumburu, wenye mikia mirefu, wanapenya ua la kaiyaba: andika. Viota vya kwera vya msimu wa mvua bado vinaning'inia. Tetere wanadonoa mahindi, na mtoto wa zamu anawafukuza kwa fimbo. Kwenye waya wa stima wamejipanga mbayuwayu. Kila mmoja ana uzito wa gramu 20 hivi, naye ametoka Ulaya au Asia akikimbia baridi. Kufikia Aprili wengi watakuwa wamerudi.

Daftari lina safu tatu za majina. Kiswahili naandika mimi. Kibukusu anatoa kukhu. Shangazi yetu, aliyezaliwa katika jamii ya Wasabaot huko juu mlimani, anataja Kisabaot. Pale wazee wanapobishana kuhusu jina moja, watoto huacha simu zao na kusogea karibu. Majina haya mengi hayamo katika vitabu vyao. Yamo vinywani mwa watu wanaokaa pamoja siku chache tu kwa mwaka.

Alasiri, korongo-taji wawili hupita wakiitana, na kila mtu hunyamaza. Hushuka kwenye shamba lililovunwa, wakatembea kwa madaha na taji zao za dhahabu. Jioni hulala juu ya mti, jambo ambalo jamii nyingine za korongo haziwezi, kwa kuwa kidole chao cha nyuma si kirefu cha kushika tawi. Kutaga, hata hivyo, hutaga katika kinamasi chenye nyasi ndefu.

Hapo ndipo penye uchungu. Vinamasi vya kaunti yetu ya Trans-Nzoia vimechimbwa mitaro na kulimwa, na mayai na makinda huibwa viotani. Tangu 2012 ndege huyu, ambaye Uganda imemfanya nembo ya taifa, amewekwa duniani katika orodha ya walio hatarini kutoweka. Lakini wapo wanaomtetea. Huko Kipsaina, jirani na Hifadhi ya Taifa ya Saiwa Swamp iliyoanzishwa mwaka 1974, wakulima wamejiunga katika kikundi cha kulinda korongo na ardhi oevu. Hifadhi hiyo ina takriban kilomita tatu za mraba tu, basi wajibu mkubwa uko mashambani mwetu.

Nawasihi wenzangu mnaorudi nyumbani: kabla ya kufunga mizigo, waulizeni wazee majina ya ndege wa boma, muyaandike. Na kijito kikipita shambani kwenu, kiachieni matete yake.

Daftari letu hubaki kwa kukhu. Watoto wakipiga simu mwezi wa pili, baada ya kumwamkua humuuliza kama wale korongo wawili bado wanalala kwenye mti ule.